Kumbikumbi wametoka kwenye kona ya sebule: nianzie wapi?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Nina nyumba Uyole, Mbeya, ya tofali za kuchoma. Huu ni mwaka wa nne tangu tuhamie. Mvua za Desemba zilipoanza, jioni moja kumbikumbi walitoka kwenye kona ya sebule, pale ukuta unapokutana na sakafu, wakajaa chumba kizima. Kesho yake nilisogeza kabati nikakuta mstari wa udongo, unene wa kidole, umepanda ukutani mpaka kwenye silingi bodi. Fremu ya mlango wa stoo nikiigonga inatoa mlio wa kitu kitupu. Fundi aliyenijengea anasema haiwezekani wakawa mchwa, kwa sababu mbao za paa ni za dawa na huku kwetu ni baridi. Jirani anasema nimwage oili chafu. Mwingine anasema dawa yake ni kumchimba malkia tu. Amekuja kijana na bomba la mgongoni, anasema atapuliza nyumba nzima kwa nusu siku na kunipa garantii ya miaka kumi. Nina mtoto anayetambaa, na kisima chetu kiko nyuma ya nyumba. Nifanye nini? Na je, paa litatuangukia?"*

Pole sana, dada. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Paa ambalo sijaliona siwezi kuliapia, lakini mchwa wa udongoni hawamalizi nyumba kwa wiki moja. Kuanzia wanapoingia hadi kenchi za paa kulegea hupita miezi mingi, na mara nyingi miaka. Kwa hiyo unao muda wa kufanya mambo kwa mpangilio, bila kumlipa mtu wa kwanza aliyepiga hodi. Muda usionao ni wa kukaa mpaka Desemba ijayo uone kama watarudi.

Na ndiyo, ni mchwa. Kumbikumbi ni mchwa wale wale, ila hawa ndio wenye mbawa, wa kike na wa kiume, wanaotoka mvua za kwanza zikilainisha udongo ili wakaanzishe makazi mapya. Kila mwaka huku Nyanda za Juu Kusini utawakuta wamejaa chini ya taa za nje, kuku wanashiba na watu wanakaanga. Hao wa kwenye taa hawasemi lolote kuhusu nyumba yako. Wamefuata mwanga, na huenda wametoka shamba la mtu mwingine. Wanaotoka kwenye ufa wa sakafu yako ndio wa kukushtua, kwa sababu kundi la mchwa halitoi kumbikumbi likiwa changa. Linahitaji miaka kadhaa kukomaa. Inawezekana kabisa kundi hilo lilikuwa kiwanjani kabla nyumba haijaezekwa.

Akija mtu kukubishia kwamba ni sisimizi, maana nao wana msimu wao wa kuota mbawa, okota mmoja umtazame kwenye mwanga. Kumbikumbi ana mbawa nne zenye urefu sawa, ndefu kupita mwili wake, na kiwiliwili chake kimenyooka bila kiuno. Sisimizi mwenye mbawa ana kiuno chembamba sana, vipapasio vyake vimepinda katikati, na mbawa za mbele ni ndefu kuliko za nyuma. Kama wote wamekwishaondoka, angalia nyuma ya mapazia na kwenye kingo za madirisha: kumbikumbi hupukutisha mbawa zao wenyewe baada ya kuruka, na hubaki zimerundikana. Kwa ukoo mchwa ni ndugu wa mende. Sisimizi na siafu ni maadui zake wakubwa, kwa hiyo siku ukiona siafu wanapita pembeni mwa uwanja usikimbilie kuwachoma.

Hiyo fremu ya stoo usiihukumu kwa mlio peke yake. Chukua bisibisi ya bapa, ibonyeze kwenye mbao karibu na sakafu. Mbao nzima itakataa. Iliyoliwa itaingia kirahisi, na ukiibandua kidogo utaona ganda jembamba la nje likiwa limebaki na rangi yake nzuri, wakati ndani kumekuwa vijia virefu vinavyofuata nyuzi za mbao, vimepakwa udongo. Huo udongo ndio sahihi ya mchwa. Ukikuta badala yake matundu madogo ya mviringo na unga laini unaomwagika chini, huyo ni bungua, na matibabu yake ni mengine. Wapo pia mchwa wa mbao kavu, wanaoishi ndani ya mbao bila kugusa ardhi na kumwaga punje ndogo ngumu zenye pande sita. Hao ni kero ya pwani zaidi kuliko huku kwetu, na mstari wa udongo ulioukuta unatosha kuwaondoa kwenye orodha.

Sasa fundi wako. Kuhusu baridi, ana nusu ya ukweli. Ukipanda juu mchwa hupungua. Huwezi kulinganisha uwanda wa Kitulo, ulio karibu mita 2,600, na bonde la Usangu kule chini ambako vichuguu vimesimama mashambani. Lakini Mbeya mjini na Uyole, kwenye mita 1,700 na zaidi kidogo, mchwa wapo, na Iringa hivyo hivyo. Baridi ya Juni na Julai tunaisikia sisi tulio juu ya ardhi. Chini ya sakafu ya nyumba inayopikiwa na kulaliwa, joto halibadiliki sana. Kinachotokea msimu wa baridi ni kwamba wanashuka chini zaidi na kupunguza kazi, mwenye nyumba akaona kimya akadhani wamehama.

Kuhusu mbao za dawa, nina maneno zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa mikoa yetu wanapoumia, na ajabu ni kwamba tunaishi katikati ya misitu ya kupandwa. Mbao za paini zinazotoka Sao Hill, Mafinga na Njombe zikitibiwa sawasawa huingizwa kwenye mtungi wa chuma, hewa ikavutwa, kisha dawa ikasukumwa ndani kwa shinikizo. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromiamu na aseniki, ndiyo inayoacha ile rangi ya kijani. Paini hupokea dawa vizuri kwenye sehemu yake ya nje, na mbao ya namna hiyo hudumu miaka mingi. Tatizo ni kwamba rangi ya kijani inaweza kupatikana pia kwa kuchovya mbao kwenye pipa kwa dakika chache, na wapo wauzaji wanaofanya hivyo hivyo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Kipimo ni msumeno: kata kipande mbali na ncha, kama nusu mita hivi, utazame sehemu iliyokatwa. Kijani kikiwa kimeingia ndani milimita nyingi kuzunguka mbao, hiyo imetibiwa. Kikiwa ni ukanda mwembamba wa juu tu na katikati nyeupe kabisa, umeuziwa rangi. Na hata iliyotibiwa vizuri, fundi akishaikata, ile ncha mpya inapaswa kupakwa dawa kabla ya kupigiliwa. Ni mafundi wachache wanaokumbuka hilo wakiwa juu ya paa.

Tuchukulie za kwako ni halali. Bado fundi hajakujibu, kwa sababu dawa hulinda mbao ile iliyowekewa dawa, haifukuzi mchwa kwenye nyumba. Mchwa huweza kujenga njia yao ya udongo juu ya mbao yenye dawa, wakapita bila kuila, wakafika kwenye silingi bodi, fremu, kabati, madaftari ya watoto na gunia la mahindi.

Ili uelewe kwa nini nitakushauri nitakavyokushauri, itabidi tuingie kidogo ndani ya maisha yao. Mchwa mfanyakazi, yule mweupe mlaini ambaye karibu aina zote ni kipofu, ana ngozi isiyoshikilia maji. Mwache juani au kwenye hewa kavu, atakauka na kufa upesi. Ndiyo maana hatembei wazi. Hubeba chembe za udongo, akazichanganya na mate, akajenga ule mstari ulioukuta nyuma ya kabati, ambao kwa ndani ni njia iliyofunikwa, yenye giza na unyevu kutoka ardhini. Kundi lenyewe linaweza kuwa mita makumi kutoka hapo, chini ya mwembe wa jirani au kwenye kingo za barabara. Wanaofika kwako ni watafuta chakula tu. Wanapita kwenye nafasi ya milimita moja au mbili, kwa hiyo sakafu ya zege haiwazuii: hupanda pale jamvi, yaani zege la sakafu, linapoachana na ukuta, pale bomba la maji taka linapotoboa sakafu, na kwenye tofali zilizojengwa kwa udongo badala ya saruji. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma huku kwetu zina viungio vya udongo nyuma ya lipu nzuri, na mchwa hupanda ndani humo humo hadi juu bila kuonekana. Ile nailoni ya chini ya jamvi huzuia unyevu, lakini mchwa huitoboa.

Wengi wa mchwa wetu wa udongoni ni wakulima. Hawasagi mbao tumboni wakamaliza kazi. Huipeleka kiotani, wakajenga masega ya mabaki yake na kuotesha juu yake uyoga unaoimeng'enya, kisha wakala mazao. Ule uyoga mkubwa unaochipuka kwenye vichuguu mvua zikianza, ambao wengi wetu tumeufuata alfajiri na kikapu, unatoka kwenye bustani hiyo hiyo. Huko ndiko aliko malkia, anayetaga mayai kwa maelfu kila siku na anaweza kuishi zaidi ya miaka kumi.

Kwa msingi huo turudi kwenye ushauri uliopewa. Wa kumchimba malkia una mantiki kama una kichuguu kinachoonekana wazi shambani na una nguvu za kufikia chumba chake, ambacho ni bonge la udongo mgumu chini katikati. Kwa nyumba yako sioni faida. Aina nyingi zinazosumbua nyumba za mjini hazijengi kichuguu cha juu kabisa, viota vyao vimetawanyika chini, baadhi ya makundi yana malkia zaidi ya mmoja, na kuchimbachimba karibu na msingi kutakuharibia ukuta ambao mchwa wasingeuangusha.

Oili chafu nimeiona ikitumika kwenye nguzo za uzio, na sitasema haifanyi kitu: huwachelewesha. Lakini hubaki juu ya mbao, haiingii. Ndani ya nyumba inanuka, inatia madoa lipu, inalisha moto ikifika karibu na nyaya. Ukiimwaga kando ya msingi, kilichomo ndani yake, zikiwemo metali na masalia ya injini yenye sumu, kinashuka ardhini. Wewe una kisima. Jirani umshukuru, kisha oili abaki nayo.

Najua pia kuna mtu atakuambia utumie pareto, maana tunailima wenyewe Makete, Kilolo, Mufindi na huko Mbeya Vijijini. Pareto inaua mchwa, hilo ni kweli, na ni salama kiasi kwa watu. Shida yake ni kwamba huvunjika haraka, hasa ikipigwa na jua. Tunachohitaji ni kizuizi kitakachokaa ardhini kwa miaka, na kazi hiyo pareto haiiwezi.

Amebaki kijana wa bomba. Simjui, huenda ni mchapakazi, lakini tumpigie hesabu. Kiwango kinachotumika sana kwa dawa ya udongoni ni kama lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita moja ya ukuta, kwa kila sentimita 30 za kina. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ina mzunguko wa mita 44. Hizo ni lita 220, kwa upande wa nje peke yake, yaani bomba la lita 20 lijazwe na kumwagwa mara kumi na moja. Akipuliza kuta na silingi kwa nusu siku ataua mchwa waliokuwa njiani siku hiyo, utafagia mizoga, utafurahi, na wenzao walioko chini watafungua njia nyingine baada ya wiki chache. Wakati huo mtoto wako atakuwa anatambaa kwenye sakafu iliyopulizwa. Garantii ya miaka kumi kwa kazi ya namna hiyo ni maneno. Anayejua kazi utamtambua kwa maswali: atakuuliza kisima kiko wapi, mabomba yamepita wapi, jamvi lina unene gani, na atazunguka nyumba nzima kabla ya kutaja bei.

Mimi ningekuwa hapo kwako ningefanya hivi. Kwanza nisingefuta ule mstari wote wa udongo. Ningebomoa sehemu ya katikati kama sentimita tano tu, nikaacha mengine, kisha nikatazama kesho na keshokutwa. Ukikuta pameungwa upya kwa udongo mbichi, njia inafanya kazi na umeshajua mahali pa kushambulia. Pakibaki wazi usishangilie, huenda wana njia nyingine. Tafuta nyuma ya makabati yote, chini ya masinki, kwenye stoo na, kwa tochi, juu ya silingi.

Pili ni maji na mbao, na hii ndiyo sehemu isiyohitaji dawa wala fedha nyingi. Bati linamwaga wapi mvua ikinyesha? Kama maji yanadondokea kwenye msingi na kujichimbia mfereji, unawanywesha. Weka mifereji ya bati au ujenge ukanda wa zege unaopeleka maji mbali. Angalia bomba linalovuja bafuni na shimo la maji ya kuogea lililo karibu mno. Kisha ondoa chakula: mirunda iliyoegemezwa ukutani tangu ujenzi, kuni zilizopangwa chini ya dirisha la jiko, mabua ya mahindi, visiki, maboksi yaliyokaa sakafuni stoo. Magunia yapande juu ya chaga, mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Udongo na maua yaliyorundikwa kwenye ukuta yashushwe, ili msingi uonekane kwa sentimita 15 hivi kuzunguka nyumba. Maana yake si kwamba mchwa wataogopa msingi ulio wazi. Maana yake ni kwamba wakipanda, watalazimika kujenga njia mahali unapoiona. Muulize pia fundi wako kama mbao za kufungia zege ziliondolewa zote kabla ya kufukia msingi. Mara nyingi huachwa humo, na kifusi cha chini ya jamvi hubaki na vipande vya mbao, mizizi na mifuko ya saruji. Hapo mchwa walikaribishwa siku ya kwanza.

Tatu, kizuizi cha udongo. Nje huchimbwa mfereji mwembamba unaogusa ukuta wa msingi, upana wa sentimita 15, kina cha 30, bila kwenda chini ya kitako cha msingi. Mchanganyiko humwagwa humo na udongo unaporudishwa huchanganywa nao pia. Ndani, kwenye kuta zenye dalili, sakafu hutobolewa matundu madogo kando ya ukuta, moja kila sentimita 30, dawa ikaingizwa chini ya jamvi na matundu yakazibwa kwa saruji. Kazi isifanyike udongo ukiwa umelowa chepechepe au mvua ikiwa inakuja. Kwa Uyole nadhani ni busara kukubaliana na mtoa huduma mpate siku kadhaa kavu, hata kama ni Januari.

Dawa gani? Zipo za makundi mawili. Bifenthrini na ndugu zake humfukuza mchwa, hivyo ukiacha pengo ataligundua na kupita. Fipronili na imidaklopridi hawazinusi; hupita ndani yake, hubeba na kuwaambukiza wenzao kabla ya kufa. Kwa nyumba iliyokwisha kuingiliwa napendelea kundi hili la pili, lakini kwako kisima kinabadilisha hesabu. Imidaklopridi huyeyuka na kusafiri na maji, kwa hiyo upande wa kisima nisingeigusa. Upande huo udongo wa mfereji utolewe wote, uwekwe juu ya turubai, uchanganywe na dawa hapo juu, uachwe ukauke, ndipo urudishwe. Ni kazi ya kuchosha na mtoa huduma atalalamika, mlipe siku ya ziada. Kama lebo ya dawa inataja umbali wa kuacha kutoka kisimani na wewe huna umbali huo, basi ukuta ule usiwekewe dawa kabisa. Utategemea kuondoa unyevu, kuziba nyufa kwa saruji na kukagua kila mwezi.

Kwenye maduka ya pembejeo utaletewa sana klopirifosi, kwa kuwa ni rahisi na inaua. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2020 kwa hofu ya madhara kwa ubongo wa watoto, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali zenye sumu zinazodumu, ziliiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha fulani. Kwenye nyumba yenye mtoto anayetambaa mimi siiweki. Na mzee akikusimulia juu ya ile dawa ya zamani iliyokaa miaka ishirini, anazungumzia dieldrini au aldrini. Ni kweli zilikaa, na zilikaa pia kwenye maziwa ya mama na mafuta ya samaki, ndiyo sababu mkataba huo huo wa mwaka 2001 ulianza nazo. Mtu akija nayo kwenye chupa ya soda, mwonyeshe geti.

Kwa hiyo nunua au kubali dawa yenye lebo kamili tu, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na uombe kuona kibali cha mpulizaji. Mwambie kijana yule akuonyeshe. Akiwa nacho na akakubali kufanya mfereji, sina ugomvi naye. Siku ya kazi, mtoto na wewe mlale kwa ndugu mpaka matundu yazibwe, sakafu ioshwe na kukauka. Kisima kifunikwe. Makopo yasigeuzwe ya kuchotea maji. Na kumbikumbi watakaotoka ndani ya nyumba baada ya hapo wasiliwe, hata wawe wanono kiasi gani.

Mambo yafuatayo usiyafanye kwa kusoma tu, ita mtu aje. Kama silingi imebonyea au milango imeanza kugoma kufunga bila sababu. Kama bisibisi inaingia kwenye mbao iliyolala juu ya ukuta inayobeba kenchi, au kwenye kenchi yenyewe: hapo anatakiwa fundi wa paa asiyekuwa yule yule aliyejenga, ili asijitetee. Kama njia ya udongo imeingia kwenye boksi la umeme, zima swichi kuu na uite fundi umeme, kwa sababu mchwa hutafuna ngozi ya nyaya na udongo wao una unyevu. Na kama baada ya kupulizwa mtu yeyote nyumbani ataumwa kichwa sana, kutapika, kutokwa na mate au kuhema kwa shida, mpeleke hospitali mara moja na mbebe na lebo ya dawa. Daktari ataihitaji kuliko maelezo yako.

Fremu ya stoo ukiiondoa, usirudishe paini tupu. Mninga au mkongo ukipata wa halali ni bora, ila bei yake unaijua. La sivyo paini iliyotibiwa na kupimwa kwa msumeno, au fremu ya chuma, ambayo kwa mlango wa stoo sioni ubaya wake. Mbao ya zamani iliyoliwa kama haikuwa na dawa, choma uani. Vipande vya mbao za kijani, vya sasa au vilivyobaki wakati wa ujenzi, visiende jikoni wala kwenye jiko la kuota moto Julai ikifika, na majivu yake yasiende bustanini, kwa sababu aseniki iliyomo haiungui. Inabaki kwenye moshi na kwenye majivu. Muulize msaidizi wako wa nyumbani leo hii vile vya mwaka ule wa ujenzi viko wapi.